Mwalimu Aliyefundisha Kunyamaza

Ukiuliza pale Ngara mjini ni mwanamke gani mwenye mdomo, hata vijana wa bodaboda wa stendi watakuelekeza kwa Eustakia. Si mdomo wa matusi, tusimsingizie mtu. Ni mdomo wa kusema. Akisimama mkutanoni, viongozi huweka kalamu chini, maana wanajua leo hawatoki mapema. Basi ajabu ya Mungu ni kwamba mama huyu huyu ndiye aliyeajiriwa na chuo kimoja cha maendeleo ya jamii awafundishe vijana jinsi ya kuwaunganisha wanakijiji wadai mambo yao, na somo lake kubwa kuliko yote ni kunyamaza.

"Mwanafunzi wangu akisema kwenye mkutano wa kijiji, amefeli," huwaambia. "Waseme wenye shida. Nyinyi mtaondoka, wao watabaki."

Somo hilo hakulitoa kitabuni. Alipokuwa mke kijana kule Murukulazo, aliongoza kikundi cha akina mama kudai barabara ya kwenda shuleni ichongwe. Alisema yeye, akaandika yeye, akaenda wilayani yeye, na barabara ikachongwa. Kisha akaugua muda mrefu. Alipopona, mvua za masika zilikuwa zimeikata ile barabara vipande, na wenzake wameketi wanamngoja aje awasemee. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Lakini mganga hajigangi. Kunyamaza anakofundisha kunamshinda mwenyewe, na hakuna anayelijua hilo vizuri kama wanafunzi wake.

Mwaka huu aliwapeleka wawili, Yuster na Wiston, wakakae katika kijiji kimoja cha kata ya Keza. Yuster alilala kwa Scolastica, mkulima wa Kihangaza. Wiston alilala kwa Maduhu, mfugaji wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia kutoka Shinyanga. Kijiji hicho kilikuwa na chemchemi moja tu. Wakulima walichota hapo, na wafugaji walinywesha ng'ombe hapo hapo. Maji yaligeuka tope, watoto wakaharisha, na kila upande ukaununia mwenzake. Dawa yake ilijulikana: uzio kuizunguka chemchemi, na birika la mifugo chini yake. Ila serikali ya kijiji ilikuwa inapanga kazi za mwaka, na mkutano mkuu ukipita bila mtu kulitamka jambo hilo, watoto wangekunywa tope mwaka mwingine mzima.

Siku ya mkutano Eustakia alifika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Mwalimu," vijana walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Haya, mmefanya nini huku?"

"Tumechota maji," alisema Wiston.

"Na nini kingine?"

Wiston alifikiri kidogo. "Kuchota maji tu, Mwalimu."

Eustakia aliketi nyuma pamoja na wanawake, Yuster ubavuni kwake, akawa anahesabu moyoni makosa ya vijana wa siku hizi. Mbele, wanaume wamejaza mabenchi. Ajenda zikapita moja baada ya nyingine: madawati, mbolea, mbwa wanaozurura. Hatimaye mwenyekiti wa kijiji, Mzee Leonidas, akatazama mawingu yaliyokuwa yanajikusanya.

"Mengineyo?" aliuliza.

Wanawake walitazama vidole vya miguu yao. Wiston alitazama paa la ofisi.

"Kama hakuna mengineyo, basi tufunge."

Eustakia alihisi maneno yanampanda kooni. Angewezaje kuketi, watoto wanaumwa, na yeye ana mdomo? Aliinuka nusu. Hapo Yuster akamshika kitenge kwa nguvu, akakivuta chini.

"Mama, keti," alinong'ona. "Nakuomba."

Eustakia alikasirika kweli. Lakini kabla hajafungua kinywa, mwanamke mmoja mrefu alikuwa ameshasimama, mtoto mgongoni. Ni Kwandu, mke wa Maduhu, ambaye hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake mkutanoni.

"Shikamooni, wazee," alisema. "Mnatusema wafugaji tunachafua maji. Ni kweli tunachafua. Lakini na huyu wangu anakunywa hayo hayo, na ameugua mara mbili. Ng'ombe hawawezi kuacha kunywa, na watoto hawawezi kuacha kunywa. Tuweke uzio huku juu, na birika kule chini. Mawe tutasomba sisi, mikokoteni tunayo."

Mabenchi yote yaligeuka. Kabla mtu hajapinga, Scolastica naye akasimama.

"Na nguzo za uzio tutakata sisi wakulima. Tulishakubaliana."

"Mlikubaliana wapi?" aliuliza Mzee Leonidas.

"Kwenye foleni ya maji."

Watu waliangua kicheko, na Yuster alipomnong'oneza Eustakia mambo mawili matatu, mwalimu akaelewa. Zamani wake wa wakulima walichota asubuhi, wake wa wafugaji jioni, hawakutani. Yuster akawa anamchelewesha Scolastica kila siku kidogo, huku Wiston akiwahisha ndoo za kwa Maduhu, mpaka foleni mbili zikawa moja. Na foleni ya maji, jamani, ina nafasi ya maongezi. Mikono ilipoinuliwa, uzio na birika vilipita bila mtu kupinga.

Mzee Leonidas alimsindikiza Eustakia hadi kwenye pikipiki.

"Mwalimu, usinielewe vibaya," alisema kwa upole. "Akina mama wetu leo wamejitahidi wenyewe. Ila hao vijana wako ni wazito. Wamekaa hapa wanachota maji tu. Mwakani tuletee wanaojua kitu."

Jibu alikuwa nalo, tena refu, la kumchukua mzee yule hadi magharibi. Alilimeza lote.

"Nimekusikia, Mwenyekiti. Nitawaambia."

Akarudi walipokuwa wamesimama wanafunzi wake, akawatazama mmoja mmoja.

"Mwenyekiti anasema hamkufanya kitu chochote hapa."

Yuster alimwangalia usoni kwa wasiwasi. "Kwa hiyo tumefaulu, Mwalimu?"

"Mmefaulu, wanangu," alisema Eustakia, na machozi yakamtoka.