Baka Chini ya Dawa ya Zambarau

Mtu niliyemwonea wivu kuliko wote maishani mwangu nilimfundisha mwenyewe kufunga bendeji. Alikuja kituoni kwetu, nje kidogo ya Wete, msichana mwembamba kutoka Mgogoni, hajui hata kushika mkasi. Mie nilikuwa nesi wa miaka mingi pale. Nilimwonyesha namna ya kuosha jeraha na namna ya kuzungumza na mgonjwa mwenye hofu, na siku alipotapakaa damu ya mwanamke aliyekuwa akijifungua nilimvua nguo zake nikamfunga kanga yangu. Aliniita dada, nami nikamwita mdogo wangu, na wakati ule ilikuwa kweli.

Ikaja nafasi moja ya masomo bara, miezi sita, kujifunza kutambua vivimbe na madoa yanayoweza kugeuka saratani. Tuliomba sote wawili. Akachaguliwa yeye. Nilimpikia mkate wa kumimina wa njiani, nikamsindikiza mpaka bandarini, nikarudi nyumbani nikajilaza mchana kutwa. Mume wangu aliponiuliza nina nini, nilimwambia kichwa kinaniuma.

Aliporudi alikuwa yuleyule, na hilo ndilo lililonikera. Angejivuna ningepata la kusema. Lakini aliingia na kitabu chake cha picha za rangi, akanisalimia kwa adabu, akashika fagio kama zamani. Waliobadilika walikuwa wagonjwa. Wanawake walifika mlangoni, wananiona nimekaa, wananiuliza, "Yule aliyesomea bara yupo?" Nikiwajibu kwamba ana mgonjwa, wanasema watamngoja. Mie nimewazalisha baadhi yao.

Siku hizo nilikuwa na mgonjwa wangu, bi mkubwa mmoja wa Makangale, mkata ukindu na msusi wa mikeka. Alikuwa na kidonda wayoni, karibu na vidole. Alisema alichomwa na mwiba msituni. Kwa miezi minne nilikiosha na kukipaka dawa ya zambarau, nikamfunga, akaenda zake. Hakikuwa kikimuuma, kwa hiyo hakuwa na haraka, na mie sikuwa na haraka.

Asubuhi moja nilichelewa, nikamkuta mwenzangu amemkalisha bi mkubwa kitini, na mguu wake ameupakata. Alikuwa akiisugua ile zambarau yangu kwa pamba na spiriti, taratibu, mpaka ngozi ikatokea. Kando ya kidonda palikuwa na baka jeusi, kingo zake zimepindapinda kama wino uliomwagika. Sikuwahi kuliona. Dawa yangu ilikuwa imelifunika.

"Bi mkubwa," alimuuliza, "hili jeusi lilikuwepo kabla ya mwiba?"

"Lilikuwepo, mwanangu. Hiyo mie nnajua ni alama yangu tu. Lakini zamani ilikuwa ndogo."

Mwenzangu akanigeukia. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, naona kikatwe kipande kidogo kipelekwe kupimwa. Silipendi baka hili."

"Kidonda cha mwiba hicho," nilimjibu mbele ya mgonjwa. "Mie nakijua tangu siku ya kwanza."

Daktari alikuwa aje wiki ile kutoka hospitali kubwa, na mwenzangu akamwandikia bi mkubwa siku ya kurudi. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Nilimfuata bi mkubwa nje, nikamshika mkono kwa upole, nikamwambia, "Kama hutaki kukatwa, hulazimishwi. Kidonda chako kinapona." Alinishukuru. Siku ya daktari ilipofika hakuonekana.

Mwenzangu hakuuliza kwa nini. Alipanda gari mpaka Makangale, akamtafuta nyumba kwa nyumba, akarudi naye siku ya pili kabla daktari hajaondoka. Daktari akakata kipande kisichozidi punje ya mbaazi, kikawekwa kichupani kwenye dawa, kikasafirishwa.

Majibu yalichukua wiki nyingi. Kila baada ya sala nilimwomba Mungu yaje yakiwa salama. Mtu angenisikia angesema huyu nesi ana huruma. Lakini mie najua nilichokuwa nikikiomba. Nilitaka yule binti aaibike mbele ya watu na kitabu chake, aonekane amemkata mwanamke wa watu bure. Sikuwa nikimwombea bi mkubwa hata kidogo.

Majibu yalikuja: ilikuwa saratani ya ngozi, ya aina adimu, ambayo watu weusi hawaipati sana, lakini wakiipata mara nyingi hukaa wayoni au kiganjani, mahali ambapo mtu hatazami. Bi mkubwa alipelekwa Dar es Salaam. Wakamkata vidole viwili na kipande cha wayo, wakayapima matezi ya kinena, wakayakuta hayajaguswa. Alirudi anatembea kwa fimbo. Alileta mkeka mmoja kituoni akasema ni wa sote wawili. Mie sikuweza kuukalia.

Mwenzangu alianza kuwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi. Alinikumbusha kila mara: "Na weye dada, lini?" Nilimwambia kesho, nilimwambia baada ya Ramadhani. Nilikuwa tayari kufa kuliko kulala mbele yake nimepanua miguu. Ulipita mwaka na zaidi, kisha nikaanza kutoka damu isiyo ya siku zangu, na hofu ikanishinda.

Alifunga mlango, akanifunika kanga. Kile chombo cha kupanulia alikuwa amekitia kwanza kwenye maji ya moto, kisinishtue kwa ubaridi. Sikumfundisha mie jambo hilo, na hata pale kitandani, roho mkononi, nilimwonea wivu kwa kulifikiria. Akapaka siki, ambayo penye kasoro hugeuza nyeupe, akasubiri, akatazama kwa tochi.

"Pana weupe, dada," alisema. "Si saratani. Ni kitu ambacho kikiachwa miaka kinaweza kuwa. Nitakigandisha kwa baridi sasa hivi, na hiyo damu nitakuandikia kwa daktari aitazame."

Alipokuwa akifanya kazi yake, maneno yakanitoka nikiwa natazama dari. "Yule bi mkubwa wa Makangale. Mie ndiye niliyemwambia asije."

"Najua. Aliniambia garini."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Nilikuwa na haraka ya kumfikisha. Niliumia, dada. Nilirudi nyumbani nikalia. Usidhani sikuumia."

Nilimwomba radhi, kwa sauti ndogo, na yeye akaniambia nitulie, bado dakika mbili.

Daktari aliitazama ile damu akasema ni umri tu. Baada ya mwaka mwenzangu alinipima tena, weupe hamna. Wivu haukuondoka kama ule weupe. Alipoitwa hospitali kubwa kuwafundisha wengine, nilikaa siku mbili sijampongeza. Siku ya tatu nilikwenda kwake Mgogoni kwa miguu, nikampongeza mbele ya mama yake, nikala chakula chao.