Bibi Mwenye Nyuki wa Chumbageni

Kila asubuhi bibi wa nyumba ya pembeni huzunguka uani kwake, mkono mmoja kiunoni, akipindua vifuu vya nazi na makopo, akimwaga maji yaliyotuama. Siku Kristofa, mpuliza dawa ya mbu, alipoingia na bomba mgongoni, alimkuta amesimama mbele ya mizinga yake ya nyuki.

"Shikamoo, bibi. Bwana Afya kaniagiza nipulize ua wote."

"Marahaba. Dawa hiyo itaniulia nyuki. Tafuta kwanza viluwiluwi vya mbu, mwanangu; usipowaona, usipulize."

Kristofa alitafuta mpaka jasho likamtiririka. Akawakuta ndani ya tundu la mfenesi.

"Hawa hapa, bibi."

Bibi alichota udongo, akalishindilia tundu mpaka likaziba.

"Tafuta tena."

Kristofa alitua bomba, akatafuta upya, safari hii akiomba moyoni asiwaone. Hakuwaona.