Ukumbi Uliokataza Kiingereza

Juzi sokoni Woolwich nilimsikia mama mmoja akimhesabia mwanawe ngazi kwa Kiukraine: raz, dva, try, moja, mbili, tatu. Miguu yangu ikataka kucheza pale pale, mbele ya meza ya vitunguu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Wazee wangu walihama Unguja baada ya mapinduzi, nami nikakulia hapa London. Nyumba iliyopakana na yetu walikaa Waukraine, ambao nao hawakuwa na njia ya kurudi kwao. Binti yao alikuwa rika langu. Kila Jumamosi alivaa shati jeupe lililotariziwa uzi mwekundu, akaenda kwenye chama chao cha vijana. Nililililia shati lile mpaka mama yake akaja kuniombea ruhusa.

Baba alisita. "Huko si watamlisha nguruwe?"

"Viazi tu," jirani akaapa, mkono kifuani.

Bibi, ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, akauliza kinasemwa nini. Alipoelezwa akamgeukia Baba. "Mwache mtoto akacheze. Humu ndani atacheza na nani, na mimi?"

Basi nikaenda. Ukumbi ulinukia nta ya sakafu na vitunguu vya kukaanga. Mwalimu wa ngoma, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa na sharti moja: ukishavuka mlango, Kiingereza marufuku. Anayekosea anaosha vyombo. Nikamwambia, kwa Kiingereza, kwamba Kiukraine sikijui.

"Kwenu mnasema nini?"

"Kiswahili."

"Basi humu sema hicho." Kisha akanionyesha beseni la vyombo.

Sikwambii raha yake. Mimi nikipiga kelele "Nipishe!", wao wakinijibu kwa chao, na tukaelewana. Mwalimu akihesabu raz, dva, try, tuliruka na kuzunguka mpaka riboni zikatuvuka vichwani. Tulichora mayai kwa nta na rangi. Kiangazi tulilala mahemani huko mashamba, tukaimba kando ya moto. Na vile vinyunga vyao vya unga vilivyojazwa viazi, ambavyo kwangu vilikuwa sambusa za kuchemsha, nilivila mpaka nikavimbiwa. Nyumbani nilizoea kumjibu Bibi kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa kwetu. Taratibu Kiswahili kikaanza kunitoka mdomoni hata nyumbani, bila kukitafuta.

Siku ya sherehe yao Bibi alikuja na buibui lake, akakaa mstari wa mbele. Ngoma ilipokwisha, rafiki yangu, yule binti wa jirani, akamwendea, akainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Umeshakula?"

"Nipishe," akajibu kwa adabu zote, maana ukiacha shikamoo niliyomfundisha, alikuwa hana neno jingine.

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi.

Ukumbi ule sasa ni fleti. Rafiki yangu yuko Kanada, na Bibi tulimzika huku huku ugenini. Wanangu wananielewa kila neno, wananijibu kwa Kiingereza. Watoto wema, wala siwalaumu. Ila Jumamosi asubuhi, wakiwa bado wamelala, huwa nakaa jikoni nikiwaza ningewapeleka wapi.