Ngoma Niliyoihukumu Kwenye Simu

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi: kama nilichosema ni kweli, mbona naogopa kukutana na yule binti?

Nieleze kwanza nilichosema. Redio ya hapa wilayani ina kipindi cha asubuhi ambacho mtangazaji huzungumzia habari za Kyela na kusoma maoni ya wasikilizaji: barabara iliyokatwa na maji, bei ya kakao, wanafunzi watoro. Tangu nirudi Ikolo na shahada yangu na kuanza kukaa kwa bibi nikisubiri ajira, nimekuwa mwandishi mkubwa wa maoni hayo. Jina langu silitaji. Najiita Mkristo wa Ikolo. Ninaandika ujumbe, naufuta, nauandika tena, nakagua hadi mikato, kisha nautuma na kukaa karibu na redio moyo ukinidunda kama ninasubiri matokeo ya mtihani.

Habari ya wiki ile ilikuwa video. Bibi mmoja wa kitongoji cha jirani alikuwa amefariki, rafiki wa siku zote wa bibi yangu na muumini wa kanisa letu. Siku ya maziko, alasiri, wazee wa kanisa walipokwisha kuondoka, vijana watatu wa kwaya walichukua ngoma wakacheza palepale uwanjani, msibani. Mtu akarekodi kwa simu. Mwingine, sijui nani, akaibandikia muziki wa disko na kuisambaza. Kilichoonekana ni binti wa sauti ya kwanza, yule ambaye akianza pambio kanisa zima linanyamaza, ameinama anatikisa kiuno mbele ya wafiwa.

Nikaandika: "Kwa masikitiko makubwa, mimi kama Mkristo nasema vijana hawa hawana adabu kwa Mungu wala kwa marehemu. Wazazi wamelegea na kanisa limelegea. Watolewe kwenye kwaya, wasimamishwe mbele ya ushirika watubu, iwe fundisho kwa wengine."

Mtangazaji aliusoma mara mbili. Mtu mmoja akapiga simu kutoka Ngonga akasema huyo Mkristo wa Ikolo angefaa kuwa mchungaji. Sitaficha, nilifurahi. Nilitembea siku nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Siku tatu baadaye bibi akarudi kutoka kwenye maombi ya akina mama na habari nyingine. Baraza la wazee lilikuwa limekaa. Vijana wale watatu wangewekwa chini ya marudi, maana yake wasikaribie meza ya Bwana na wasiimbe, na Jumapili wangesimama mbele ya watu wote. Kwa kuwa hakuna mzee aliyeiona ngoma ile kwa macho yake, mzee wa kanisa aliyeongoza kikao alikuwa ameandika maneno ya redioni kwenye karatasi kama ushahidi. Na binti alikuwa amemwambia mama yake kwamba akitolewa kwenye kwaya kwa sababu ya msiba ule, hatakanyaga tena kanisani.

"Ni mtoto niliyemshika mikononi siku ya ubatizo wake," bibi alisema, akaenda kuwafungia kuku.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Nilijihoji kama wakili anayemhoji shahidi. Je, adabu si kitu cha lazima? Ni lazima, naamini hivyo hadi leo. Je, vijana wa siku hizi hawajalegea? Wengine wamelegea, na mimi nimo. Je, nilisema uongo? Sikusema. Basi naogopa nini? Kila nikifika hapo nilikuta jambo moja limekaa mlangoni, halitaki kuondoka: sikuwepo msibani. Nyumba ya marehemu ipo umbali wa kutembea dakika kumi, na kwetu kukosa maziko ya jirani si jambo dogo. Watu huacha mpunga ukipukutika shambani wakaenda kuzika. Mimi nilisema naumwa kichwa. Ukweli ni kwamba kila nikikaa msibani kuna mtu ataniuliza, "Eh, msomi, kazi bado?" Niliogopa swali hilo kuliko nilivyomheshimu marehemu. Mazishi nikayaona kitandani, kwenye simu, kwa sekunde chache, na muziki usio wa ngoma ile.

Jumamosi tulikuwa tunapasua kakao nyuma ya nyumba. Bibi anapasua kwa kisu kifupi, mimi nachokoa punje nyeupe zenye utelezi na kuzitia kwenye ndoo, tayari kuzivundika kwenye majani ya migomba. Binti akatokea njiani amebeba ungo, alikuja kuurudisha. Nilitamani ardhi inifiche.

"Ugonile, bibi," alisalimia, akipiga goti kidogo. Kisha akanigeukia. "Na wewe kaka msomi, za redioni?"

"Redioni wapi?"

"Aa, nauliza tu. Wasomi si ndio wenye redio."

Bibi hakuinua macho. "Anajua," aliniambia. "Na mimi najua. Nani mwingine Ikolo hii anasema 'kwa masikitiko makubwa'? Hata nazi ikidondoka unasikitika makubwa."

Binti alicheka hadi akashika ungo vizuri usianguke. Mimi masikio yaliwaka moto.

"Sasa bibi, kama ulijua, mbona hukuniambia nimekosea?"

"Uliniuliza? Wala baraza halikuniuliza. Mimi nilikuwepo pale. Nilikaa jamvi la mbele. Umerudi na maswali yako yote ya chuo kikuu, hilo moja hukuwa nalo."

Nikauliza, hatimaye. Alinijibu huku kisu kikiendelea kufanya kazi. Alisema zamani, kabla yeye hajaolewa, mtu mkubwa akifa watu walicheza siku ya kumzika. Wanaume walikimbia uwanjani na mikuki, wanawake wakifuata kwa vigelegele. Palikuwa na pombe na ugomvi, watu waliumizana, na walipobatizwa waliambiwa waache, wakaacha. "Vingine tuliviacha vizuri," alisema. "Sivililii. Lakini wanawake walikuwa na kitu chao. Walicheza kazi za marehemu. Rafiki yangu alitaka hicho. Alipokuwa mgonjwa alimwita huyu hapa akamfundisha akiwa amelala, anaonyesha kwa mikono tu."

"Akaniapisha," binti alisema. Utani ulikuwa umemtoka sautini. "Alisema, mkishanizika na kuniombea, mwambieni Kyala nilichofanya na mwili alionipa. Sasa kaka, ningemkatalia?"

Kyala ni Mungu, kwa Kinyakyusa. Nimeliomba jina hilo tangu utoto, lakini siku ile nililisikia kama ndiyo kwanza nafundishwa.

"Muonyeshe," bibi alisema.

"Mimi? Aniandike tena redioni?"

"Basi piga ndoo."

Binti alichukua ndoo tupu akaipindua, akaanza kuipiga polepole kwa viganja. Bibi yangu, ambaye kanisani hawezi kupiga magoti na hushika benchi akitaka kuinuka, aliweka kisu chini, akaegemeza fimbo yake kwenye mgomba, akasimama katikati ya maganda ya kakao. Akainama. Mkono mmoja ukashika kitu kisichoonekana, ukakivuta, ukakitupa nyuma, na miguu ikasogea taratibu kama iliyo kwenye maji. Alikuwa anapalilia mpunga. Kisha akainuka, mikono ikakunjuka mbele, kiuno kikaanza kutikisika kwa haraka, mabega yametulia kabisa, naye akapuliza makapi kwa mdomo. Alikuwa anapepeta. Na mimi nikakitambua kiuno kile. Ndicho nilichokiona kwenye video. Ndicho nilichokiandikia maoni.

Hakuishia hapo. Alivuka mto uliofurika na mtoto mgongoni, mkono mmoja juu umeshika mzigo. Alikata ndizi, akainama kwa uzito wa mkungu. Alimbembeleza mgonjwa. Mwisho alisimama wima, viganja wazi vikielekea juu kama mtu anayekabidhi kitu alichokuwa amekiazima, na nyuma yake milima ya Livingstone ilikuwa imefunguka yote, bila wingu, hadi kwenye kona inayoshukia ziwa. Nimekulia chini ya milima ile. Siku ile niliona haya kuitazama, kana kwamba nimeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Binti aliacha kupiga. Mikono yangu ilikuwa imegandwa na ute wa kakao, na nilitambua kwamba nilikuwa nimesimama, sikumbuki niliinuka saa ngapi. Nimekaa ibada nyingi nikifikiria kama nimefunga mlango wa nyumba. Pale, mbele ya ndoo ya plastiki, sikufikiria chochote. Niliogopa kwa namna nzuri, ile ambayo wahubiri huisema nami nilidhani ni maneno tu.

"Yule mzee anayeandika makaratasi," bibi alisema akitafuta fimbo yake, akihema, "mama yake ndiye aliyeijua kuliko sisi wote. Ila yeye mwenyewe alikuwa mdogo. Hakumbuki."

Jioni ile niliandika ujumbe mrefu kwa redio. Nikaufuta. Nikaandika mwingine wenye "kwa masikitiko makubwa", nikajichukia, nikaufuta nao. Mkristo wa Ikolo angeweza kusahihisha kila kitu bila mtu kuuona uso wake, na hapo ndipo nilipojua kwamba si yeye anayetakiwa kusema.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Baada ya matangazo mzee wa kanisa alikunjua karatasi na kuwaita vijana watatu mbele. Binti alitembea akiwa ameinua kichwa. Mzee alisoma maneno yangu, yote, na kwa sauti yake yalikuwa mazito kuliko nilivyoyaandika. Alipofika kwenye "iwe fundisho kwa wengine" nilikuwa nimeshatoka kwenye benchi. Nilitembea nikasimama mwisho wa mstari, kando ya binti.

"Na wewe?" mzee aliuliza. "Wewe ulicheza?"

"Hapana, mzee. Maneno hayo niliyaandika mimi. Na sikuwepo msibani. Nilikuwa kitandani, nasema naumwa, na sikuumwa."

Mnong'ono ulipita kutoka benchi hadi benchi. Mzee alivua miwani.

"Hukuzika?"

"Sikuzika. Naomba umuulize bibi yangu. Yeye alikuwepo, na anaijua hiyo ngoma. Anasema na mama yako aliijua."

Alinitazama. Kisha akamtazama bibi yangu kwenye mabenchi ya akina mama, na bibi akaitikia kwa kichwa, mara moja. Mzee alikunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia.

"Ninyi watatu rudini kwenye kwaya mkakae, tutamsikiliza bibi," alisema. "Wewe, kijana, simama hapo."

Nikasimama.