Mashine Iliyolia Kila Hatua

Yule fundi wa kuchomelea vyuma tuliyemzoea kwa jina la Cheche hakununua mashine ya kunusa chuma ili atafute hazina. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo waliomsingizia, na wengi wao hawakuwahi hata kumuuliza.

Alikuwa akitafuta kitu ambacho aliomba asikipate.

Mchimba visima, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akichimba shimo la choo sururu yake ilipogonga chuma. Mlipuko ulimrusha nje ya shimo. Eneo lile zamani lilikuwa uwanja wa askari wa kujifunzia kulenga shabaha, na waliouza viwanja walilijua hilo wakalimeza kama mate. Cheche ndiye aliyefika wa kwanza. Alimbeba mgongoni hadi barabarani, huku damu ikiingia ndani ya buti zake. Mchimba visima alirudi kutoka hospitali na mguu mmoja, na Cheche akamtengenezea magongo ya mabomba membamba. Kila alipompima urefu kutoka kwapani hadi chini, machozi yalimzuia kuusoma utepe.

"Tulia bwana," mchimba visima alimwambia. "Mguu ni wangu, unalia wewe?"

Sasa mkewe Cheche alihitaji mtaro. Maji ya bomba yalikuwa yamefika getini, na mgongo wake ulikuwa umechoka kubeba ndoo kutoka pale hadi jikoni. Kaka yake mkewe, kijana wa miraba minne mwenye maneno mengi, alikuwa ameahidi kuja kuchimba mwisho wa juma. Cheche alipiga simu kwa kikosi cha kutegua mabomu. Alijibiwa kwa upole kwamba hawawezi kupekua kila ua wa mtu; akiona kitu, asiguse, apige simu tena.

Atakionaje kitu kilicho chini ya ardhi? Ndiyo maana alikwenda kwa muuza vifaa vya mitumba.

Mashine ilikuwa imelala kati ya pasi na redio: fimbo ya aluminiamu iliyopinda kidogo, sahani nyeusi iliyofungwa utepe mahali ilipopasuka, na kiboksi chenye vifundo viwili ambavyo maandishi yake yalikuwa yamefutika. Ndani ya chumba cha betri palikuwa na ukungu wa kijani.

"Inafanya kazi?" Cheche aliuliza.

"Mzee wangu, hii ina kelele, lakini haina uongo."

"Na maelekezo yake?"

"Maelekezo ndiyo mimi hapa." Muuzaji, kandambili miguuni, aliinua sahani hewani, akazungusha kifundo mpaka mashine ikavuma kama mbu, kisha akaishusha juu ya sarafu iliyofunikwa mchanga. Ikapiga yowe. "Umeona? Hata mtoto anaweza."

Anayekuuzia kitu kwa kukwambia hata mtoto anaweza amekuuzia nusu ya kitu. Nusu nyingine utaitafuta mwenyewe, na kuitafuta kwenyewe kunaweza kukuua.

Cheche alisugua vishikizo vya betri kwa msasa, akaingia uani asubuhi moja kabla ya kwenda kazini. Alivaa kama anavyovaa siku zote: ovaroli, na zile buti zake nzito zenye chuma puani. Miaka yote aliwafundisha wanafunzi wake kwamba fundi asiye na buti ni mgonjwa anayesubiri kitanda. Tena, moyoni alijiambia, kama kitalipuka, angalau miguu imefunikwa.

Aliinua sahani, akazungusha kifundo, ikavuma. Akaishusha mbele yake, akaipitisha karibu na miguu kama mtu anayepiga deki. Ikapiga yowe.

Akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Akapiga hatua, akapitisha. Yowe. Kijiti kingine. Hatua nyingine, yowe lingine. Jasho lilimtoka mgongoni na hali jua lilikuwa bado halijakolea. Kila alipopeleka mguu, ardhi ilimpigia kelele. Alipofika katikati ya ua aligeuka, akaona vijiti vyekundu vimepangana kutoka getini hadi pale aliposimama, na ndipo akaelewa jambo lililomkausha mate: kote huko alikuwa amekwisha kukanyaga.

Miguu ikakataa kwenda mbele, ikakataa kurudi nyuma.

Mkewe alitokea mlangoni na beseni la nguo. "Baba watoto, mbona umesimama kama mlingoti?"

"Usitoke!"

"Nini?"

"Usitoke nje, nakwambia! Rudi ndani! Yamejaa! Ua mzima yamejaa!"

Beseni lilimdondoka. Kwenye ua ule watoto wao walijifunza kutembea. Mkewe alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akamtazama mumewe akirudi juu ya nyayo zake mwenyewe, unyayo kwa unyayo, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika getini, Cheche akazunguka nje ya ukuta na kuingia kwa mlango wa barabarani. Akajitupa kwenye benchi la mbao sebuleni, akainua miguu juu ya stuli, mashine akiwa ameilaza mapajani bila kuizima.

Sahani iliteleza ikaegemea vidole vya miguu. Ikapiga yowe.

Wakatazamana. Cheche alisogeza sahani pembeni, ikanyamaza. Akairudisha, yowe.

"Baba watoto," mkewe alisema taratibu, "bomu limeingia ndani ya buti?"

Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amekaribia kulia, mpaka akaketi sakafuni. Cheche hakucheka. Alizivua zile buti, akagonga moja puani kwa ukucha, akasikia chuma kikijibu.

Habari ilisambaa. Shemeji yake alipokuja na jembe begani, salamu yake ya kwanza ilikuwa, "Shemeji, leo tunachimba buti ngapi?" Hata mchimba visima, aliyekuja kwa magongo kutazama, alitabasamu.

Woga si sifa, nami siusifu. Lakini nimechoka na watu wanaodhani aliyeogopa mahali pasipostahili amepoteza haki ya kuogopa tena. Cheche angeweza kuificha mashine ile chini ya kitanda na kuliacha jembe lifanye kazi yake. Aibu ingekwisha upesi. Badala yake alisema, "Nitapita kwanza. Bila viatu."

Na hapo ndipo alipoogopa kweli. Udongo wa baridi ulimgusa nyayo kana kwamba unamjua. Alipitisha sahani mbali na miguu, polepole. Kimya. Hatua. Kimya. Aling'oa vijiti vyake kimoja kimoja, na nyuma yake shemeji akaanza kuchimba akiimba kwa pua. Mtaro ulikuwa umevuka katikati ya ua Cheche alipofika karibu na ukuta wa jikoni, pale mkewe anapokaa kufua.

Yowe.

Aliinua sahani, ikavuma kama mbu. Akaishusha, yowe, refu, zito.

"Haya, buti hizo!" shemeji alisema akicheka.

"Sina buti."

"Basi ni kijiko. Dada yangu anapoteza vijiko tangu utotoni. Sogea nikuoneshe." Akainua jembe.

Cheche aliudaka mpini hewani. Alikuwa mdogo kwa umbo, lakini hakuuachia. "Utanipiga mimi kwanza."

"Shemeji, kweli utatuchekesha mtaa mzima mara ya pili?"

"Wacheke. Mtazame yule." Akaelekeza kidevu kwa mchimba visima, ambaye tabasamu lake lilikuwa limetoweka. "Mimi ndiye niliyembeba. Wewe sitakubeba."

Mkewe ndiye aliyepiga simu.

Kikosi kilikuja, kikawatoa watu majumbani, kikafukua kwa brashi na koleo ndogo. Walikipeleka uwandani kitu chenye umbo la chupa, kutu tupu, wakakilipulia huko. Vioo vya nyumba yetu vilitikisika. Mke wa Cheche alikuwa amesimama barabarani na nguo mbichi mikononi. Alikuwa akifulia juu ya kitu kile tangu walipohamia.

Kikosi kilipekua ua wote na kuruhusu kazi iendelee. Shemeji aliingia mtaroni. Aliinua jembe, akalishusha taratibu bila kuchimba.

"Shemeji," aliita. "Hebu pitisha hapa."

"Wamepitisha wao. Na mimi nimepitisha."

Yule kijana alivua viatu vyake, akavitupa mbali kabisa, nje ya geti.

"Pitisha tena."