Debe la Kinu cha Maji

Habari zilinikuta Uyole, kwenye msururu wa malori yaliyokuwa yakisubiri dizeli. Dereva mmoja wa Mufindi alinisalimu, akasita kidogo, kisha akaniambia kwamba yule fundi wa mashine wa Igowole hayupo tena. Kifua kilimbana siku tatu tu, na jana yake walikuwa wamemzika. Nilibaki nimeshika mkoba wangu. Ndani yake, imeviringishwa kwenye kitambaa, ilikuwamo beringi kuukuu ambayo marehemu alinikabidhi zaidi ya mwaka mmoja uliopita, nimtafutie nyingine kama hiyo.

Wasomaji wangu mnaijua tabia yangu ya kutotulia mahali, na ndiyo iliyonikutanisha naye. Lori la mahindi nililodandia liliishiwa mafuta Igowole, tukakwama hapo siku kadhaa. Mashine ya kusaga ya kijiji, ambayo fundi huyu ndiye aliyeiendesha, nayo ilikuwa imenyamaza tangu mapipa ya dizeli yakauke. Kina mama walikuwa wamerudia kutwanga, na wasio na nguvu ya kutwanga walibeba mahindi kichwani hadi kijiji cha mbali ambako mafuta yalikuwa hayajaisha. Yeye hakukaa kusubiri. Alishuka bondeni, akachimba mfereji kutoka mtoni, akaunda gurudumu kubwa la mbao na kuliunganisha na jiwe la kusagia. Nilikuwapo asubuhi aliyofungulia maji. Gurudumu lilizunguka, jiwe likasaga, unga ukashuka mweupe. Tukaketi mlangoni pa kibanda cha kinu kungoja watu, na hakuja mtu. Jua lilipopanda, akapita mama mmoja na furushi lake la mahindi, fundi akamwita.

"Kamwene, mama! Unakwenda wapi na mashine iko hapa?"

"Mashine gani, baba? Sijasikia kitu."

"Inasaga sasa hivi."

Mama akatega sikio, akacheka. "Hiyo? Hiyo inanong'ona. Mashine inayosaga huita watu."

Akaenda zake. Ndipo fundi akajishika kichwa. Kule kwetu nyanda za juu mwenye mashine ya dizeli hufunga kopo kwenye bomba la moshi ili mlio uvuke vilima, na aliye shambani ajue kwamba inasaga. Kopo likinyamaza, hakuna anayejisumbua kutoka nyumbani. Alikuwa ameyafikiria maji, mbao na jiwe, akasahau masikio. Kesho yake alitundika debe tupu kando ya gurudumu, akapigilia vigingi vya kuligonga kila mzunguko. Ngo! Ngo! Mchana foleni ilifika hadi kwenye kivuko, na yule mama wa jana ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenzake: "Fundi, bubu wako kasema leo!"

Siku niliyoondoka alichomoa beringi iliyochakaa kwenye mhimili wa gurudumu, mahali pake akaweka mti mgumu uliopakwa mafuta ya ng'ombe. "Huu utanivusha miezi michache, hautazidi," aliniambia. "Wewe ni mtu wa njia. Linganisha na hii, uniletee." Nikaapa. Nikazunguka nayo Mbeya, Tunduma, Iringa, hata Idodi. Kila mji nilisema nitaulizia kesho, na kesho ilinikuta mji mwingine. Njiani nilikuwa hodari wa kulaumu wenye meli na wenye visima vya mafuta kwa shida zetu, na watu walinisikiliza.

Siku ile ya habari za msiba niliulizia. Beringi ilipatikana Uyole hapo hapo, duka la tatu. Nikaipeleka Igowole. Mjane wake aliipokea kwa mikono miwili. Ule mti ulikuwa umeungua zamani kwa msuguano, alisema, na gurudumu likasimama. Dizeli iliporudi watu walirudi kwenye mashine ya zamani. Sasa dizeli imeadimika tena, na michi inasikika kila ua. "Nilitaka debe nichotee maji, shemeji. Akakataa lisishushwe. Alisema mtu wa njia atakuja." Tulishuka pamoja bondeni. Mfereji ulikuwa umejaa majani, lakini mto ulikuwa unapita kama siku zote, haukuwa umengoja lori la mtu yeyote. Nilijifunza hapo jambo ambalo ningetamani kujifunza akiwa hai: tunaweza kukosa mafuta kwa sababu ya watu wa mbali tusiowajua, lakini mto ule ulikosa kusaga kwa sababu yangu mimi, niliyekunywa chai nyumbani kwake. Njia yoyote mpya tutakayoianza itahitaji mtu wa kuleta beringi kwa wakati.

Mjane alipogeuka kupanda, kikapu chake kikaligonga debe. Ng'ambo ya bonde mwanamke aliyekuwa akilima akainua kichwa, akapaza sauti:

"Inasaga?"

Mjane akaitazama beringi mkononi mwake, kisha akanitazama mimi.

"Bado!" akajibu.