Mkono Unaoachia Wenyewe

Video ya pambano langu la kwanza la kulipwa ilifika Sumbawanga kabla yangu. Niliposhuka kwenye basi la Mbeya, jicho la kushoto limefumba, dereva bodaboda wa kwanza pale stendi hata salamu hakunipa.

"Dada, pale ulikuwa unasubiri nini?"

Nimeulizwa swali hilo mpaka nimechoka. Muuza vitenge wa Majengo kaniuliza. Mama kaniuliza kwa simu kutoka Namanyere. Padri kaniuliza baada ya misa, kanishika mkono kwa mikono yake miwili kana kwamba nimefiwa. Sasa najibu kwa maandishi, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Nilikuwa nasubiri ushindi wangu. Nimecheza judo tangu darasa la tano, na katika judo ukimbeba mwenzako ukamtupa chali, safi, kwa nguvu, mchezo umekwisha. Unasimama, unaweka koti lako sawa, unainama kumpa heshima. Basi yule mpinzani nilimbeba kwa nyonga nikamtupa mpaka wavu wa ulingo ukatikisika. Sijawahi kumtupa mtu vizuri namna ile. Kisha nikasimama, nikapeleka mikono kiunoni kuliweka sawa koti ambalo sikuwa nimelivaa. Kwenye MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, hakuna koti, na kumwangusha mtu ndiyo kwanza kazi inaanza. Yule dada aliinuka akanikuta nimeanza kuinama, na ngumi yake ikanipata jichoni.

Kocha wangu wa MMA ni kijana wa Majengo. Familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi, naye anatufundishia stoo, katikati ya mabati na mifuko ya saruji. Aliitazama ile video mbele yangu, akairudisha nyuma, akaitazama tena.

"Sista, judo imekuharibu," akasema.

Nilitamani kumtupa juu ya saruji yake. Judo ndiyo iliyonifanya anione wa maana, judo ndiyo iliyomfanya anifuate mwaka mzima akiniambia huku kwenye MMA kuna maisha, na leo judo imeniharibu. Lakini hakuwa amemaliza. Promota wa Mbeya alikuwa tayari kuniita mara moja tu. Nikishindwa tena, basi. Na kwenye judo viongozi walishaniambia kwamba aliyekwenda kupigania fedha asirudi kwenye mashindano yao. Kwa hiyo nilibakiwa na pambano moja. Nikilipoteza, narudi shambani kwa mama kupalilia ulezi, kazi ambayo siichukii, ila nilikuwa nimeiaga kwa kelele nyingi mno.

Tukaanza kunitoa judo mwilini. Kila siku nilitupa gunia la maranda na kuanguka nalo, bila kusimama, kocha akipiga kelele mpaka wateja wa misumari wakaja kuchungulia. Hilo nikalishika. Lililonishinda ni jingine.

Katika michezo yote miwili, ukimkamata mtu mkono ukaukunja kinyume kwenye kiwiko, akiona hawezi tena anakupiga kofi, maana yake nimekubali. Kwenye judo ukilisikia kofi unaachia papo hapo. Kocha akasema kwenye MMA huachii mpaka mwamuzi akuguse. Mtu anaweza kupiga kofi, ukamwachia, akakana. Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kichwani tu. Akinipiga kofi mazoezini, mkono wangu ulikuwa ukiachia wenyewe, naye anajitupa chini kwa hasira. "Nani kakwambia uachie? Mimi ni mwamuzi?"

Aliyeniambia ni mwalimu wangu wa judo, mwanajeshi mstaafu wa kijiji cha Chala, mzee sasa. Alitufundishia ukumbi wa parokia, juu ya magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi na kufunikwa turubai. Kwetu Ufipa mtu akimsalimia mkubwa wake huchuchumaa na kupiga makofi polepole, na mkubwa huitikia. Kumwacha mtu anapiga makofi wewe umekaa kimya ni ukosefu wa adabu ambao hata mtoto anachapwa kwa ajili yake. Mzee aliitumia desturi hiyo hiyo. "Mwenzako akipiga kofi, ni kama anakusalimia," alituambia. "Mwitikie upesi." Tukaitikia miaka yote, na katika ukumbi ule sikumbuki mtu aliyevunjika kiwiko. Sasa mwelezee hayo kijana wa saruji.

Pambano la pili lilikuwa ukumbi ule ule wa Mbeya, mpinzani mwingine, mrefu, mwenye mikono mizuri ya kukamata. Nilimtupa, nikaanguka naye, nikaupata mkono. Akanipiga kofi pajani. Nikaachia.

Mwamuzi alikuwa upande wa pili, hakuona kitu. Yule dada akaruka juu, akatikisa kichwa, akamwonyesha mwamuzi mkono wake mzima kabisa. Kocha alikuwa ameshika wavu kwa vidole vyote, anaita majina ambayo siyaandiki. Hasira niliyoipata pale sijawahi kuipata kwa mtu. Nilimkasirikia yule mwongo, nikamkasirikia mwamuzi kwa kuzubaa, na zaidi ya wote nikamkasirikia mzee wa Chala na adabu yake, iliyokuwa inanirudisha shambani.

Raundi ya pili nikaupata tena mkono ule. Akapiga kofi. Nikabana. Akapiga tena, mara nyingi, akapiga kelele, nami nikabana mpaka mwamuzi akanivuta begani. Walimtoa ulingoni mkono umefungwa kwa kitambaa. Nilishangilia. Nilirukaruka kama mwendawazimu na sikumwangalia usoni.

Safari hii pale stendi hakuna aliyeniuliza kitu. Bodaboda alinipeleka bure. Jumamosi nikaenda ukumbi wa parokia, nikachuchumaa mlangoni, nikapiga makofi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Nimeiona video." Alivua viatu, akajilaza kwenye turubai, akaninyooshea mkono wake wa kulia. "Njoo unionyeshe ulivyomshika. Pole pole, mimi ni mzee."

Nikakaa, nikaupitisha mkono wake katikati ya mapaja yangu, kidole gumba kikitazama juu kama alivyonifundisha mwenyewe, nikaukunja taratibu. Ulikuwa mkono mwembamba, mkavu. Akanipiga kofi pajani, kofi jepesi la salamu. Kisha la pili. La tatu lilikuwa zito zaidi.

"Binti," akasema kwa sauti ndogo, "nimeshapiga."

Nilimsikia. Nilikuwa nimeinua kichwa, natazama huku na huku ukumbini, namtafuta mwamuzi.